Stroberi katika bustani ya nyumbani: yajueni haya kabla ya kutoa pesa ya kikundi

Siku hizi katika sehemu nyingi za milimani kuna watu wanaopita wakiuza miche ya stroberi. Wengine hubeba pakiti za mbegu zenye picha ya tunda kubwa jekundu. Husema ni haibridi, inazaa mwaka mzima, na soko liko tayari. Kikundi kinakaa, kinapiga hesabu haraka haraka, kinatoa akiba ya miezi mingi. Baadaye hakuna tunda wala pesa, na wanachama wanaanza kulaumiana.

Lakini stroberi si zao baya. Ni tunda tamu, watoto wanalipenda, na halitaki shamba kubwa. Mtu mwenye kipande cha mita moja kwa kumi kando ya jikoni anaweza kulilima. Shida ni kwamba ni zao lenye tabia zake. Ukizijua, litakulipa jasho lako. Usipozijua, ni kazi bure.

Katika makala hii tutaeleza haibridi ni nini, miche inatoka wapi, jinsi ya kupanda na kutunza, na hesabu ambazo kikundi kinapaswa kufanya kabla ya kufungua sanduku la pesa.

HAIBRIDI NI NINI?

Neno haibridi tunalijua kutokana na mahindi. Tangu aina ya H611 itolewe Kitale mwaka 1964, wakulima wengi wamejifunza jambo moja: mahindi ya haibridi huzaa vizuri mwaka wa kwanza, lakini ukichukua punje za mavuno hayo ukazipanda tena, mazao hushuka na mimea haifanani. Kwa nini? Kwa sababu haibridi ni mtoto wa wazazi wawili wa aina tofauti. Mtoto huyo ana nguvu, lakini watoto wake hawamfuati yeye. Mmoja anafanana na nyanya, mwingine na babu, mwingine hafanani na yeyote.

Hata matunda madogo ya vichaka na yale yanayotambaa chini yana chotara zake. Huko Marekani, katika miaka ya 1880, hakimu mmoja wa Santa Cruz, California, James Harvey Logan, alipata chotara katika bustani yake mwenyewe kutokana na aina mbili za matunda ya miiba, jamii moja na yale ambayo watoto wetu huchuma kando ya msitu. Tunda hilo likaitwa kwa jina lake, loganberry. Aliyelipata hakuwa na shamba la utafiti. Ilikuwa bustani ya nyumbani.

Stroberi tunayoijua leo pia ni chotara, na hadithi yake ina funzo. Mwaka 1714 mhandisi Mfaransa, Amédée-François Frézier, alirudi kwao kutoka Chile, Amerika ya Kusini. Huko alikuwa ameona stroberi zenye matunda makubwa, zilizolimwa na wenyeji wa nchi ile tangu zamani. Alibeba miche michache katika meli, na safari ilikuwa ndefu. Iliyofika hai ilikuwa mitano tu. Ilipopandwa Ufaransa ilistawi, ikatoa maua, lakini haikuzaa. Ilikuwa ya kike mitupu! Ilianza kuzaa pale ilipopandwa karibu na stroberi nyingine ndogo iliyotoka Amerika ya Kaskazini, nayo ikaipa chavua. Mbegu za ndoa hiyo ndizo zilizoleta stroberi mpya, kubwa na yenye harufu kama ya nanasi. Mwaka 1766 kijana aliyesomea mimea, Antoine Nicolas Duchesne, alieleza kwa maandishi kwamba stroberi hiyo ni mtoto wa zile mbili. Karibu stroberi zote zinazouzwa madukani leo zimetoka katika ukoo huo.

Stroberi za siku hizi zina sehemu ya kike na ya kiume katika ua moja, kwa hivyo hatuhitaji kutafuta jirani wa kuzioza. Lakini bado zinahitaji nyuki, kama tutakavyoona.

KWA HIVYO, USINUNUE MBEGU

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoteza pesa. Kama stroberi ni chotara, basi mbegu za tunda lake haziwezi kumfuata mama, sawasawa na yale mahindi. Mbegu zenyewe ni ndogo, huchelewa kuota, na miche yake ni dhaifu. Mwenye kukuuzia pakiti ya mbegu akikuonyesha picha ya tunda kubwa anakuonyesha jambo ambalo hawezi kukuahidi. Ziko mbegu maalum chache zilizotengenezwa na makampuni, lakini si njia ya mtu anayeanza kijijini.

Njia ya kweli ni nyingine, na hapa stroberi inatuhurumia kuliko mahindi. Mche wa stroberi ukishakomaa hutoa kamba zinazotambaa chini, kama za viazi vitamu. Kwenye kila kamba, kila baada ya hatua kidogo, hutokea mche mdogo wenye majani na mizizi. Mche huo hautokani na mbegu. Ni kipande cha mama mwenyewe, kwa hivyo ni sawa naye kabisa: utamu ule ule, ukubwa ule ule.

Maana yake ni hii: mahindi ya haibridi hununuliwa kila msimu, lakini stroberi nzuri unaweza kuinunua mara moja, kisha ukazidisha miche mwenyewe. Kikundi kinachofahamu jambo hili hakihitaji kununua miche elfu moja.

Lakini kuna onyo. Kama kamba humleta mtoto anayefanana na mama, basi huleta na ugonjwa wa mama. Virusi vikishaingia mama, watoto wote wanazaliwa navyo. Kwa hivyo wale mama wa kwanza wawe safi. Nunueni katika kitalu kilichosajiliwa, na mwombe kuona cheti. Kazi ya kukagua miche na magonjwa ya mimea nchini ni ya KEPHIS, na afisa wa kilimo wa kaunti anaweza kuwaambia vitalu vinavyoaminika. Mwuza miche anayekataa kusema anakotoa miche, mwacheni aende zake.

Ulizeni pia jina la aina. Moja iliyoenea hapa kwetu ni Chandler, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983. Aina nyingine mpya zina haki ya mwenye kuzizalisha, na huruhusiwi kuuza miche yake bila idhini. Ulizeni mapema.

JE, KWENU PANAFAA?

Stroberi hupenda baridi ya kiasi. Hustawi vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25. Kwa hivyo sehemu kama Limuru, Kinangop, Nyeri, Meru ya juu, Molo, Kericho, Kisii na milima ya Taita zinafaa. Sehemu za joto kali, kama pwani au kando ya ziwa, mche unaweza kuota majani mengi lakini matunda yakawa machache, madogo na laini. Kama mko huko, pesa yenu itafanya kazi nzuri zaidi kwenye mapapai au pasheni. Hakuna aibu kuacha zao lisilofaa kwenu.

Udongo uwe mwepesi, wenye kupitisha maji, na wenye uchachu kidogo. Wataalamu husema pH kati ya 5.5 na 6.5. Mahali pa kutuama maji hapafai hata kidogo, kwa sababu mizizi huoza. Jua lifike angalau saa sita kwa siku.

Jambo lingine ambalo watu husahau: msipande stroberi mahali palipokuwa na nyanya, viazi, pilipili au biringanya miaka ya karibuni. Mazao hayo huacha ugonjwa wa mnyauko katika udongo, na stroberi huushika upesi. Mahali palipokuwa na maharagwe, vitunguu au sukuma wiki ni afadhali.

Halafu kuna swali la maji. Mizizi ya stroberi haiendi mbali. Mingi iko katika sentimita 15 hadi 30 za juu. Jua likiwaka siku chache, mche unaanza kuteseka. Kadirieni lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki wakati wa kiangazi. Tuta la mita 1 kwa mita 10 litataka lita 250 kwa wiki, yaani mitungi 12 au 13 ya lita 20. Karibu mitungi miwili kila siku. Sasa mjiulize: nani ataibeba? Kama mto uko mbali na jibu ni "akina mama na watoto," basi mmeongeza mzigo juu ya mzigo.

Paa la mabati linaweza kusaidia. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita 6 kwa 5, maji yanayoanguka ni lita 300. Hata yakipotea kiasi, yanayobaki ni kama ya wiki nzima kwa tuta moja. Kwa hivyo kwa familia nyingine, kitu cha kwanza cha kununua si miche. Ni mfereji wa paa na pipa.

KUTAYARISHA TUTA

1. Pimeni upana wa mita 1, ili mtu aweze kufikia katikati bila kukanyaga. Urefu ni kadiri ya nafasi. Mita 10 zatosha kuanzia.

2. Ng'oeni magugu yote na mizizi yake, hasa sangari. Gugu hilo likibaki ndani ya stroberi, hutalitoa bila kung'oa miche yenyewe.

3. Limeni kwenda chini sentimita 30. Okoteni sota, wale viwavi weusi wanaokata miche usiku, na wale funza weupe wa udongoni.

4. Changanyeni samadi iliyooza vizuri au mboji, wilbaro moja na nusu hadi mbili kwa tuta la mita 10. Tunasema *iliyooza vizuri*. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na tena si usafi kwa tunda linalogusa ardhi na kuliwa bila kupikwa.

5. Inueni tuta sentimita 20 hadi 30 ili maji ya mvua yatoke. Sehemu kavu, tuta liwe chini kidogo.

Asiye na nafasi atumie gunia, debe kuukuu au karai lililotoboka. Mche wa stroberi hautaki chombo kirefu. Gunia linalojengwa kama lile la sukuma wiki, lenye mawe katikati ya kupitisha maji, linaweza kubeba miche mingi ubavuni. Lakini chombo hukauka upesi kuliko tuta, kwa hivyo maji ni kila siku.

KUPANDA

Pandeni jioni au siku ya mawingu. Katika tuta la mita 1 wekeni mistari mitatu, nafasi ya sentimita 30 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mche na mche. Tuta la mita 10 litachukua miche kama 100.

Chimbeni shimo la kutosha mizizi kukaa wima bila kujikunja. Na sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo miche mingi inakufa. Kila mche una sehemu nene katikati, pale majani yanapotokea. Tuiite moyo wa mche. Moyo huo ukae sawasawa na uso wa udongo. Ukiufukia, unaoza. Ukiuinua juu sana, mizizi inakauka. Nusu ya kidole inaweza kuwa tofauti ya kuishi na kufa. Shindilieni udongo kwa mkono, mwagilieni maji, kisha angalieni tena kesho yake kama maji yameufunika moyo au kuuacha wazi.

Baada ya hapo tandazeni nyasi kavu au majani ya ngano kati ya miche. Matandazo hayo yanafanya kazi nne: yanatunza unyevu, yanazuia magugu, yanazuia matone ya mvua kurusha matope, na yanalaza tunda mahali pakavu. Tunda likilala juu ya udongo mtupu, huoza kabla hujaliona. Msitumie nyasi zenye mbegu, mtakuwa mmepanda magugu kwa mikono yenu.

KUTUNZA

*Maua ya kwanza.* Wiki chache baada ya kupanda, mche mdogo unaweza kutoa maua. Kila mtu anafurahi. Yakateni! Mche ambao haujashika mizizi ukianza kuzaa, hudumaa. Ngojeni wiki nne hadi sita, mche uwe na majani ya kutosha, ndipo muache maua yaendelee. Kuanzia kupanda mpaka tunda la kwanza, kadirieni miezi mitatu hivi. Kutoka ua kufunguka mpaka tunda kuiva ni karibu mwezi mmoja.

*Kamba.* Mama hawezi kunyonyesha na kubeba mzigo mzito kwa wakati mmoja. Kama mnataka matunda, kateni kamba zote mara zinapotokea. Kama mnataka miche, tengeni mama wachache kwa kazi hiyo, na hao wakatiwe maua. Mkitaka vyote viwili kwa mche mmoja, mtapata kidogo huku na kidogo kule.

*Maji.* Mwagilieni asubuhi, chini kwenye udongo, si juu ya majani na matunda. Majani yanayolala na maji usiku huita ukungu. Chupa ya plastiki iliyotobolewa na kuzikwa nusu kati ya miche ni njia rahisi ya kupeleka maji kwenye mizizi pole pole.

*Nyuki.* Tazameni tunda la stroberi kwa karibu. Zile punje ndogo za nje, ambazo zinaweza kuwa 200 hivi, ndizo matunda yenyewe kwa kweli, na kila moja ina mbegu yake. Kila punje iliyopata chavua huifanya nyama iliyo chini yake ivimbe. Punje zikikosa chavua upande mmoja, tunda hutoka limepinda kama sikio. Watu hufikiri ni ugonjwa, kumbe ni uhaba wa nyuki. Kikundi chenye mizinga, au hata ua lenye maua karibu, kina msaidizi asiyedai mshahara.

*Umri.* Mche huzaa vizuri miaka miwili, pengine mitatu. Baada ya hapo matunda huwa madogo. Ng'oeni, mpande miche mipya mahali pengine. Tuta la zamani lipumzike kwa maharagwe au mboga.

WADUDU NA MAGONJWA

Adui wa kwanza ni konokono na koa. Hutoka usiku na kutoboa tunda linaloiva. Wekeni gunia bichi au kipande cha ubao kando ya tuta jioni. Asubuhi geuzeni, mtawakuta chini wamejificha. Okoteni.

Ndege nao wanaona wekundu kabla yako. Wavu wa zamani, au nyuzi zenye vipande vya karatasi inayong'aa, husaidia. Lakini dawa kubwa ni kuvuna mapema asubuhi, kila baada ya siku moja au mbili.

Utitiri mwekundu huja wakati wa ukavu na vumbi. Majani huwa na madoa ya manjano, na chini yake kuna utando mwembamba. Vidukari hunyonya utomvu na ndio wanaosambaza virusi. Anzeni na maji ya sabuni, mkinyunyiza chini ya majani jioni. Mche uliokunjamana, wenye majani madogo ya manjano usiopata nafuu, ng'oeni na kuuchoma. Kamwe msichukue kamba zake.

Wakati wa mvua nyingi huja ukungu wa kijivu, unaofunika tunda kama vumbi la majivu. Huanza kwa tunda moja na kuruka kwa majirani. Toeni kila tunda bovu na kulifukia mbali, punguzeni majani makuukuu, acheni hewa ipite.

Kuhusu dawa za dukani, tuseme wazi. Tunda hili halina ganda la kumenya. Mtoto huchuma na kutia mdomoni pale pale. Kwa hivyo usitumie dawa iliyobaki ya nyanya au ya kahawa eti kwa sababu iko. Kama ni lazima kunyunyiza, iwe dawa iliyoruhusiwa kwa stroberi, kipimo kilichoandikwa, na siku za kungoja kabla ya kuvuna zihesabiwe mpaka zishe. Nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi nyumbani. Vaa glavu, funika pua na mdomo. Kopo likiisha lisichotewe maji wala kuwekewa chumvi.

KUVUNA

Ndizi huvunwa mbichi ikaiva nyumbani. Stroberi haifanyi hivyo. Ukiivuna ikiwa nyeupe nusu, haitaongeza utamu hata ukiiweka wiki nzima. Kwa hivyo hukaa shambani mpaka iwe nyekundu, na hapo hapo huanza kuhesabu saa za kuharibika. Bila friji, siku moja au mbili, basi. Hii ndiyo sababu bei yake sokoni inavutia, na hii ndiyo sababu watu hupata hasara.

Vuneni asubuhi umande ukikauka, kabla jua halijakuwa kali. Kateni kikonyo kwa kucha, tunda libaki na kofia yake ya kijani. Msivute tunda lenyewe. Wekeni katika vyombo vifupi, si ndoo, maana ya juu huponda ya chini. Msioshe mpaka wakati wa kula. Chombo kikae kivulini.

Kwa afya, gramu 100 za stroberi zina karibu miligramu 60 za vitamini C, sawa na chungwa au kuzidi kidogo. Lakini si chakula cha shibe. Mtu asing'oe maharagwe au mboga za watoto ili apande stroberi zote za kuuza.

YANAYOBAKI, PIKENI JEMU

Matunda madogo, yaliyopinda au yaliyozidi soko hayatupwi. Chukueni kilo 1 ya matunda safi yasiyo na uozo, sukari gramu 800, na maji ya ndimu mbili kubwa. Ndimu si ya ladha tu. Stroberi yenyewe haigandi vizuri bila uchachu huo. Ponda matunda kidogo, yachemshe na ndimu dakika 10, tia sukari, koroga mpaka iyeyuke, kisha chemsha kwa moto mkali ukikoroga. Weka tone kwenye sahani baridi. Likikunjamana ukilisukuma kwa kidole, iko tayari. Mimina ikiwa moto katika chupa za kioo zilizochemshwa dakika 10, funga mara moja.

Hiyo ni kwa matumizi ya nyumbani. Kikundi kikitaka kuuza jemu yenye lebo madukani, lazima kipate kibali cha afya cha kaunti na alama ya ubora ya KEBS. Ulizeni gharama hizo kabla ya kununua chupa.

HESABU YA KIKUNDI

Sasa turudi kwenye pesa. Katika hesabu zenu msikadirie zaidi ya robo kilo hadi nusu kilo kwa mche kwa mwaka, mpaka mmeona wenyewe. Kwa tuta la miche 100, hesabu ya chini ni kilo 25 kwa mwaka, yaani pakiti 100 za robo kilo. Hizo si pakiti 100 kwa wiki! Ni kama pakiti mbili kwa wiki. Zidisheni kwa bei ya soko lenu, toeni maji, samadi, vyombo na nauli. Linalobaki ndilo la kugawana. Anayewaahidi utajiri kwa tuta moja hajapiga hesabu hiyo, au amepiga na hataki muione.

Tuta moja litatosha watoto na pesa kidogo ya sabuni na chumvi. Kuuza hotelini au kwa wenye maduka makubwa kunahitaji matuta mengi yanayovunwa pamoja, na hapo ndipo kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja. Mnunuzi apatikane *kabla* ya kupanda matuta mengi, si baada ya kuvuna.

Tunapendekeza njia hii. Tuseme kikundi kina wanachama 20. Badala ya kununua miche 2,000, nunueni 40 iliyo safi, muipande mahali pamoja pawe kitalu cha mama. Kateni maua yake. Kamba zikitokea, jazeni udongo katika pakiti za maziwa, lazeni mche mdogo juu yake na kuushika kwa kijiti kilichopindwa. Baada ya wiki nne hadi tano mizizi imeshika, kateni kamba. Chukueni mche wa kwanza na wa pili wa kila kamba, maana inayofuata ni dhaifu. Hata kila mama akitoa mitano tu, hiyo ni miche 200, kumi kwa kila mwanachama. Kama tunavyozungusha pesa katika merigoraundi, zungusheni miche: anayepokea kumi leo arudishe kumi msimu ujao kwa mwanachama mpya.

Kwa njia hii, kama zao litawakataa, mmepoteza bei ya miche 40. Kama litawakubali, mmepata ujuzi kabla ya kupata deni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Maji ya kiangazi tutayatoa wapi, na nani atayabeba?

2. Tuta likiwa katika shamba la familia, pesa ya matunda ni ya nani? Bwana na bibi wa nyumba wamekubaliana kabla ya jembe kuingia?

3. Soko letu la karibu liko umbali gani, na tunda litafika likiwa zima?

4. Nani ataandika katika daftari siku ya kupanda, kiasi kilichovunwa na pesa iliyoingia?

5. Mwenye miche ametuonyesha cheti na mama wenyewe, au ametuonyesha picha tu?

Kikundi kikiweza kujibu maswali haya matano bila kubahatisha, basi kianze. Kisipoweza, akiba ikae sandukuni mpaka majibu yapatikane.